Tupeane uzoefu: kujifunza Kiingereza kwa mazungumzo halisi ya watu wa kazi na maisha ya ughaibuni

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Kuna watu wanasoma gazeti la Kiingereza bila shida na kujaza fomu yoyote, lakini Mmarekani akifungua mdomo wanaambulia neno moja katika matano. Dawa ni kusikiliza watu wanaoongea wao kwa wao, na mada inayofaa kuliko zote ni kazi zao, hasa zile kazi adimu: mlinzi wa mnara wa taa, mpiga mbizi anayechomelea mabomba chini ya bahari, mtu wa kuandaa maiti kwa mazishi, dereva wa gari la kufyeka theluji.

Kwa nini kazi? Kwa sababu mazungumzo ya kazi hubeba nyakati zote za vitenzi kwa mpangilio uleule. "What do you do?" haimaanishi unafanya nini sasa hivi, ni unafanya kazi gani, na jibu lake ni la mazoea. "How did you get into that?" ni uliingiaje humo, jibu linakwenda wakati uliopita. "How long have you been doing it?" ndipo tunapoanguka wengi. Sisi husema "nafanya kazi hii mwaka wa tano sasa", basi mtu anasema "I am doing this work for five years". Wenyewe wanasema "I've been doing it for five years". Ukisikiliza watu kumi wakijibu maswali hayo matatu, muundo unakaa kichwani bila kukariri jedwali.

Pa kuyapata: Marekani kuna StoryCorps, iliyoanzishwa na Dave Isay mwaka 2003 kwa kibanda cha kurekodia ndani ya stesheni ya Grand Central, New York. Watu wawili wanaojuana hukaa dakika 40 wakiulizana maisha, na rekodi huhifadhiwa Library of Congress. Uingereza, BBC Radio 4 na British Library walianza The Listening Project mwaka 2012 kwa mtindo huohuo. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayempunguzia kasi mwanafunzi. Wanameza maneno, wanakatizana, wanacheka katikati ya sentensi. Tafuta zile zenye maandishi yake.

Kata dakika tatu tu. Kasi ya kawaida ni kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo hapo una maneno 450, yanatosha juma zima. Siku ya kwanza sikiliza mara mbili bila kusimamisha, kisha andika kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili, wanaongelea nini. Siku ya pili simamisha kila sentensi na uandike unachosikia, hata kama ni upuuzi, usirudie sentensi moja zaidi ya mara tano. Siku ya tatu linganisha na maandishi kwa kalamu nyekundu na kila kosa ulipe herufi: G kwa neno geni, S kwa neno unalolijua ila sikio limelikosa, N kwa maneno unayoyajua yote lakini maana imekupita. Ukikuta S zimejaa, kununua kamusi kubwa zaidi hakutasaidia, shida yako ni sikio. Siku zinazobaki ongea sambamba na msemaji, ukimfuata nyuma kidogo, na ujirekodi kwenye simu.

Kinachoharibu: kufungua maandishi tangu mwanzo. Jicho linasoma, sikio linalala.

Kuhusu bando, chukua sauti na uache video. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu MB 29 kwa saa nzima, na dakika tatu hazifiki MB 1.5.

Mwalimu wa matamshi

Mkuu umeweka vizuri, naomba niongezee hapo kwenye S.

Tuna mtaji ambao Mfaransa na Mjerumani hawana. Sauti mbili za "th" tunazo tayari: "think" ni th ya thamani, "this" ni dh ya dhahabu. Anayesema "sink" na "zis" wakati kinywani ana thelathini na dhambi ni mzembe tu, arekebishe leo.

Shida yetu iko kwingine. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo tunapachika irabu pasipo nayo: "walked" inakuwa woku-edi, ilhali ni silabi moja, wokt. Halafu mkazo. Kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiingereza unahama: "photograph" mkazo uko mwanzoni, "photographer" uko "to", "photographic" uko "gra". "Comfortable" tunaisema kwa kukaza "ta", msikilizaji anapotea kabisa, wakati mkazo uko "com" na mengine yote yanamezwa.

Kumezwa huku ndiko kunakoziba masikio. Andikeni kwa herufi zetu kama mnavyosikia: "what do you do" ni wadayadu, "did you" ni dija, "going to" ni gona, "could have been" ni kudabin. Tengenezeni orodha ya ishirini hivi, muisome kwa sauti kila asubuhi.

Moja la hatari: "can" na "can't" kwa Wamarekani. "I can go" husikika aikn GO, can yenyewe imefifia. "I can't go" husikika ai KENT go, na ile t mara nyingi haisikiki vizuri. Ukisikia neno limekaziwa, kuna uwezekano mkubwa ni kukataa. Usisubiri t.

Dereva wa masafa marefu

Kwa madereva wanaoelekea Marekani, ambako Wakongo, Wakenya na Wasomali wengi wako kwenye malori: sheria ya shirikisho inataka dereva wa biashara aweze kuongea na watu, kuelewa alama za barabarani, kujibu maswali ya maofisa na kujaza ripoti, vyote kwa Kiingereza. Kwa hiyo jifunze mazungumzo ya kando ya barabara: "Where are you coming from? What are you hauling? How long have you been driving today?" Hilo la tatu ni lile la mleta mada, na hapa lina sheria nyuma yake: saa zisizozidi 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14 tangu uanze zamu, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo.

Ukaguzi wa gari kabla ya safari kwenye mtihani wa leseni hufanywa kwa mdomo. Unagusa au kuonyesha kifaa, unakitaja, unasema unakagua nini. Msamiati si mkubwa kama watu wanavyoogopa, kwa sababu sentensi zinajirudia: "It is not cracked, bent or broken. It is mounted and secure. It is not leaking." Hizo tatu zinabeba karibu gari zima. Tairi zina namba: kina cha kashata, yaani mifereji ya tairi, kisipungue 4/32 ya inchi kwa tairi za mbele, 2/32 kwa nyingine. Breki za upepo: ukikanyaga pedeli kwa dakika moja injini ikiwa imezimwa, upepo usipotee zaidi ya psi 3 (kipimo cha shinikizo) kwa gari moja, 4 kwa kichwa na tela. Namba zisemwe zikiwa na vipimo vyake. Anayesema "three" peke yake hajasema kitu.

Maneno mengine hayatabiriki: "glad hands" ni viungio vya mipira ya upepo kati ya kichwa na tela, "fifth wheel" si tairi la tano, ni sahani inayobeba tela. Na kibao "bridge ices before road" kisomwe kwa makini. Daraja hupigwa na baridi juu na chini, kwa hiyo barafu hutangulia pale wakati lami nyingine bado ni salama.

Njia ya mazoezi: tafuta rekodi za madereva wakifanya ukaguzi huo, zima picha, sikiliza na uchore gari, ukiweka alama pale anapotaja kifaa. Ukikosea mahali, hujui neno.

Mhudumu wa wazee, Uingereza

Ndugu zangu, huku kwa wazee Kiingereza cha shule kinafikia mlangoni. "I feel poorly" ni naumwa. "I need to spend a penny" ni anataka kwenda haja, na ukimletea pochi umemdhalilisha. Kaskazini mwa Uingereza "dinner" mara nyingi ni chakula cha mchana na "tea" ni chakula cha jioni, kwa hiyo ukiandika kwenye ripoti kwamba amekataa "tea", anayepokea zamu anaweza kudhani ni kikombe cha chai tu. "You alright?" ni salamu. Jibu ni "Yeah, you?", hakuna anayetaka historia ya ugonjwa.

Lakini kosa zito kuliko yote ni la ndiyo na hapana. Kwetu ukiulizwa "Hujanywa dawa?" na kweli hujanywa, unajibu "Ndiyo, sijanywa", maana unakubaliana na aliyesema. Kiingereza hufuata kitendo: "You haven't had your tablets?" Kama hujanywa jibu ni "No, I haven't". Ukijibu "Yes" peke yake, muuguzi anaweza kuelewa kwamba dawa imemezwa. Kwa hiyo usimjibu kwa neno moja, na usimuulize mzee swali la kukanusha. Uliza "Have you had your tablets today?" na umalizie kwa kitenzi.

Na "pole" haina neno lake. Mtu akijikwaa ukasema "sorry", wapo watakaodhani umemsukuma. Sema "Oh dear, are you alright?" Kumwita bibi wa watu "mama" kwa heshima pia kunaweza kumchanganya, muulize "What would you like me to call you?"

Makabidhiano ya zamu yafanyieni mazoezi kwa mpangilio unaotumika kwenye huduma za afya huku: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoiona wewe, unachopendekeza. Sentensi moja kwa kila kipengele, kwa sauti, chini ya dakika moja.

Baharia wa Mombasa

Melini kuna lugha mbili. Ya kwanza ni sentensi sanifu za mawasiliano zilizopitishwa na IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, mwaka 2001, kwa sababu mabaharia wa mataifa tofauti walikuwa wakielewana vibaya. Ujumbe unaweza kutanguliwa na moja kati ya alama nane: instruction, advice, warning, information, question, answer, request, intention. Maneno kama "may", "might", "should" na "could" yanaepukwa kwa sababu yana utata: ni ruhusa, uwezekano au ushauri? Namba hutamkwa tarakimu mojamoja, 150 ni "one-five-zero".

Lugha ya pili ni ya mezani wakati wa kula, na hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha chuo. Hapo rekodi za mleta mada zinafaa sana, ila msisikilize Wamarekani na Waingereza pekee. Melini utaamriwa na Mfilipino, Mhindi, Mkroeshia. Tafuteni mahojiano ya mabaharia wa mataifa hayo wakiongea Kiingereza chao.

Mratibu wa mazungumzo ya kubadilishana lugha

Baada ya kusikiliza inabidi uongee na mtu. Kiswahili chako ni fedha: vyuo vikuu kadhaa Ulaya na Marekani vinakifundisha, na wanafunzi wake wanatafuta wa kuongea nao. Dakika 30, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, kwa saa ya kengele. Bila kengele, mwenye Kiingereza dhaifu huishia kufundisha Kiswahili bure. Masahihisho yaandikwe pembeni, yasizidi matano, yatolewe mwisho. Kumkatiza mtu kila sentensi kunamfunga mdomo.

Saa ndiyo huua miadi. Saa tatu asubuhi yetu ni "nine", lakini mtu anaandika "3" na mwenzake anafika alasiri. Andika kwa mtindo wa saa 24 na utaje mji. Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele ya London kwa saa tatu majira ya baridi na mbili majira ya joto, wao hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mwingereza akisema "half seven" ana maana 7:30.

Na mwenzako akiomba picha ya pasipoti au "ada ya viza" katika mazungumzo ya lugha, kata simu.

Mleta mada

Dada mhudumu, lile la ndiyo na hapana nimelinakili. Naongeza pacha wake kwa wanaosafiri: "How long have you been here?" ni una muda gani tangu ufike. "How long are you here for?" ni utakaa mpaka lini. Ofisa wa uhamiaji akiuliza la pili, mgeni aliyefika jana akajibu "one day", amesema anaondoka leo.

Swali kwa baharia: "fifteen" na "fifty" mnazitofautishaje redioni?

Baharia wa Mombasa

Mkazo, mkuu. Fif-TEEN nzito mwishoni na n inasikika, FIF-ty nzito mwanzoni. Ila kwenye upepo na kelele za injini usitegemee sikio. Uliza "one-five or five-zero?" na umrudishie namba yote aliyosema kabla hujagusa usukani.