Bango "filamu halisi ya milimita 35", ndani kompyuta mpakato: hawa wa ukumbi mkongwe wa mjini wanatuonaje?

Wakuu, jina la ukumbi siliweki. Wahusika wanajijua, na wengi humu bado tunataka ufufuke. Ila ya Jumamosi imezidi. Bango lilisema saa 12 jioni filamu ya zamani ya Kihindi, Awaara, "kwa mtambo wa asili wa milimita 35" (upana wa mkanda wa filamu), saa 3 usiku taarab ya ala kamili. Tiketi moja, bei ya kuumiza, watu wakajaa mpaka juu.

Mtambo wa asili upo, ndiyo. Uko pale mlangoni umepigwa rangi, watu wanapiga nao picha, na lenzi hauna. Kilichorushwa ni faili, na ushahidi kila mtu aliuona: mshale wa mausi ulikaa kwenye shavu la mwigizaji Raj Kapoor mpaka watu wakaanza kupiga miluzi. Filamu ya milimita 35 inakwenda picha 24 kwa sekunde, yaani mita 27 na ushee kwa dakika, kwa hiyo rili (gurudumu la mkanda) ya mita 600 inaisha kwa dakika 22 hivi. Filamu ndefu ya Kihindi ina rili nane na zaidi. Hapo unahitaji mitambo miwili inayopokezana na fundi anayevizia alama za kona ya juu kulia: ya kwanza ikitokea, kama sekunde 8 kabla rili haijaisha, anawasha mota ya mtambo wa pili, ya pili, sekunde moja kabla, anahamisha. Kazi hiyo haifanywi na kijana mmoja ambaye huyohuyo ndiye anauza soda.

Kurusha faili si kosa. Kopi nyingi za zamani zimeshaoza, zinanuka siki, zimejikunja hazipiti hata mtamboni. Kosa ni kuandika 35 kwenye bango.

Na hiyo faili yenyewe imewashinda. Awaara ni ya 1951, CinemaScope, ule mtindo wa picha pana, imekuja 1953. Picha ya filamu ile inakaribia mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. Wao wakataka ijaze skrini ya 16 kwa 9. Ukilazimisha hivyo una njia mbili tu: uivute kwa upana, watu wote wanenepe kwa asilimia 30, au uikuze halafu ukate karibu robo ya kimo. Walianza na ya kwanza, ukumbi ukapiga kelele, wakahamia ya pili! Baada ya hapo ni vichwa visivyo na nywele na wachezaji wasio na miguu. Dawa iko kwenye rimoti ya projekta: chagua 4:3, pembeni pakae peusi, basi.

Mwanga sasa. Skrini yao ni kama mita 8 kwa 4.5, mita za mraba 36. Ili ifikie kiwango cha sinema, kandela 48 kwa mita ya mraba, inataka lumeni (kipimo cha mwanga) kama 5,400 zifike pale kwenye skrini. Projekta yao ubavuni imeandikwa 3,000, na hizo ni za balbu mpya. Ukiweka picha ya 4:3 kwenye projekta hiyo unabaki na robo tatu tu ya mwanga, kwa hiyo picha isizidi upana wa mita 4 na nusu. Ni ndogo, lakini utayaona macho ya mwigizaji. Wao wameitandaza ukuta mzima, na milango ya pembeni wazi kwa sababu feni mbovu, taa za barabarani zinaingia mpaka katikati ya viti. Matukio ya usiku tuliyasikia tu.

Mapumziko: filamu hizi zimetengenezwa na mapumziko yake ndani. Wao walikata katikati ya wimbo. Soda zilikuwa zimeshapoa.

Umeme ulipokatika, jenereta ikawaka upesi lakini picha ikachelewa, watu wakadhani projekta imekufa. Haikufa. Balbu ya aina ile ikizimika ghafla ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe, na feni ya kuipoza imezimika nayo. Mchezo huo ukijirudia balbu inapasuka. UPS (betri ya dharura) ya kVA 1.5 kwa projekta peke yake ingeshikilia mpaka jenereta ipokee.

Taarab ndiyo iliyoniudhi zaidi. Fidla tatu kwenye maiki moja, mita moja na nusu mbele yake. Kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6, hivyo fundi akapandisha, maiki ikavuta ngoma na spika ya mwimbaji, ukumbi mzima ukapiga filimbi. Akashusha, fidla zikapotea. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, hatukuisikia usiku kucha, tuliona vidole tu. Besi nayo imefunguliwa kama ya disko la ufukweni.

Halafu ule mngurumo. Miksa imechomekwa nyuma kwenye chumba cha projekta, amplifaya zimechomekwa jukwaani. Soketi mbili za mbali, ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) mbili zisizolingana, umeme unapita kwenye ganda la kebo ya sauti na unasikia ile "mmmm" ya hezi 50. Dawa ni kuvuta ekstensheni moja ili vyote vipate umeme sehemu moja, au kuweka transfoma ya kutenganisha kwenye laini ya sauti. Wao walifanya nini? Wakafungua plagi ya amplifaya wakachomoa waya wa kijani na njano, yaani ethi. Mngurumo ukapungua kweli. Sasa amplifaya ikipata hitilafu, boksi lake lote lina umeme, na kebo inaupeleka mpaka kwenye maiki ya chuma iliyo mkononi mwa mwimbaji mwenye jasho. Hili si suala la ladha, ni suala la kuua mtu.

NYONGEZA: Mkuu unayesema tuwavumilie kwa kuwa jengo la zamani, uzee hauhusiki. Dar es Salaam hii ilikuwa na sinema za Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo, Chox, na Drive-In ya Msasani, ya kutazama ukiwa ndani ya gari, tangu 1966. Kumbi za sinema za wakati ule skrini ilikuwa na vitundu vidogo, spika inakaa nyuma yake, maneno yanatoka mdomoni mwa mwigizaji. Waliyofunga hawa ni plastiki ya mabango, haina tundu hata moja, na spika zimewekwa kwenye pembe za jukwaa kusubiri taarab. Jengo halina kosa.

Na anayeuliza kuhusu kurudishiwa hela: tiketi haina namba, haina tarehe, na risiti ya EFD (mashine ya kodi) hawakutoa. Ukienda pale Jumatatu watakwambia hukuwepo.