Mashine ya boti farasi 15 imegoma kuwaka, naombeni ushauri kabla sijanunua koili

Mjukuu wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, Pasua. Nina mashine ya boti ya Kijapani, ya zamani, farasi 15, silinda mbili, ile ya kuchanganya petroli na oili na kuvuta kamba. Baba aliinunua ikiwa imetumika, ikitokea Tanga. Tangu hapo inafanya kazi Bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata. Masika yalipoanza tukaipandisha nyumbani, ikakaa stoo hadi wiki iliyopita. Petroli ilibaki humohumo.

Sasa haiwaki. Navuta kamba mpaka bega linauma, haikohoi hata mara moja. Fundi wa pikipiki hapa mtaani kabadilisha plagi zote mbili, hali ni ileile. Sasa anasema ninunue koili, ile inayozalisha moto wa plagi, na hela iliyopo ni ada ya mdogo wangu. Mjomba anavua kwa kasia na pale bwawani kuna viboko na mamba, kwa hiyo kila siku inayopita sina amani. Nianzie wapi?

Kidumu
Mkuu, tafuta ile dawa ya kopo ya kustatia, puliza kwenye kabureta, vuta mara mbili. Jenereta yangu niliiamsha hivyo.

Spana Kumi na Tatu
Kidumu, kwa mashine hii hapana. Injini ya kuchanganya oili haina oili yake pembeni kama ya jenereta lako. Pistoni na beringi zinalainishwa na hiyo oili iliyomo kwenye petroli. Ukipuliza dawa kavu unaisuuza, chuma kinasugua chuma. Ni mashine ya watu ya kutafutia riziki, tusiimalize.

Mjukuu, koili weka pembeni kwanza. Mashine iliyozimwa ikiwa nzima, ikakaa miezi na petroli ndani, mimi huanzia kwenye mafuta. Hakikisha klipu ya kamba nyekundu, ile ya kuzimia mashine, imekaa mahali pake na gia ipo katikati. Vuta choki, vuta kamba mara kumi, halafu fungua plagi zote mbili uniambie: zimelowa au ni kavu?

Mjukuu wa Pasua
Klipu ipo, gia ipo katikati. Nimefungua plagi sasa hivi, nimezifuta kwa kitambaa cheupe, hakikupata hata doa. Kavu kabisa, harufu ya petroli ni kwa mbali.

Spana Kumi na Tatu
Basi petroli haifiki kwenye silinda. Zingelowa ndiyo tungeanza kushuku moto, yaani cheche ya plagi.

Hata hivyo pima moto leo uondoe wasiwasi. Ondoa tangi na dumu la petroli mbali kabisa. Chomeka plagi kwenye kofia zake, vyuma vyake viguse mwili wa injini kwenye sehemu isiyo na rangi, mbali na matundu ya silinda. Usivute zikiwa zinaning'inia hewani, hapo ndipo koili nzima huuawa. Fanyia kivulini. Ukiona cheche ya bluu, inapiga "tak, tak", koili ni nzima.

Halafu shika ule mpira wa kupampia kwenye hosi, mshale uelekee kwenye mashine, uminye. Unatakiwa ujae na kuwa mgumu. Ukibaki laini hata uminye mara thelathini, kuna mahali inavuta hewa.

Mzee wa Raskazone
Mwanangu, umesema imetoka Tanga. Chumvi haisahau. Fungua waya wa athi unaofungwa kwenye bloku, usugue kwa msasa mpaka ung'ae. Na ile koneksheni ya hosi ina oringi ndogo ndani. Ikikatika mashine inakunywa hewa. Nimeona watu wakishusha kabureta mara tatu kwa ajili ya kipira cha mia tano.

Mama Perege
Mdogo wangu, mimi nina mitumbwi hapo bwawani. Kabla ya yote mimina petroli yako kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache nusu saa. Maji hukaa chini, utaona mstari. Dumu likikaa nje linafungwa vibaya, mvua inaingia. Mwaka jana nilimlipa fundi wiki mbili, kumbe tatizo lilikuwa dumu.

Hiyo petroli ya tangu masika usiiongezee mpya juu yake, imwage kwenye dumu la pembeni. Uchanganye upya: yangu inataka moja kwa hamsini, yaani lita 20 kwa mililita 400 za oili. Soma ya kwako kwenye kibati au kitabu. Nunua oili ya boti iliyoandikwa TC-W3.

Mjukuu wa Pasua
Wakuu, mrejesho. Moto upo, cheche ya bluu plagi zote mbili, kwa hiyo koili ni nzima! Mpira wa kupampia haukujaa. Nimefungua koneksheni, oringi imepasuka kama uzi. Nimepata nyingine Mbuyuni, mpira umekuwa mgumu kama ngumi.

Ila bado plagi zilikuwa kavu, nikafungua bakuli la kabureta. Chini kulikuwa na utando wa kahawia unaonata kama utomvu wa mpapai, na jeti ndogo ya sailensa (ile inayopitisha petroli mashine ikinguruma taratibu), nikiitazama juani, tundu halionekani kabisa. Nichokonoe na waya wa chuma?

Spana Kumi na Tatu
Usitumie chuma, utalipanua tundu. Iloweke usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kesho ipulizie upepo wa kompresa pale wanapojaza tairi. Utaona mwanga upande wa pili. Na usijaribu kuiwasha kavu uani. Itumbukize kwenye pipa la maji, yafunike ile sahani bapa iliyo juu ya propela.

Mjukuu wa Pasua
IMEWAKA! Mvuto wa nne. Moshi ulijaa uani mpaka majirani wakaja. Mama amelia. Wakuu, sina cha kuwalipa, Mungu awazidishie.

Mzee wa Raskazone
Alhamdulillahi. Inakojoa, yaani inatoa maji ya kupozea injini?

Mjukuu wa Pasua
Hapana mzee, kile kitundu cha nyuma hakitoi maji.

Mzee wa Raskazone
Izime sasa hivi. Zibua kitundu kwa waya laini. Kikibaki kikavu, fungua mguu ubadilishe impela, ile feni ya pampu ya maji, mpira wake hukauka stoo. Usiipeleke Lang'ata kabla hujaona maji yanaruka. Na mjomba asiache makasia nyumbani.

Mjukuu wa Pasua
Nimeshazima. Kesho nafungua mguu, nitaweka picha ya impela hapahapa.