Mrejesho: rafiki yangu anayeumwa figo

Niliuliza nimfanyie nini rafiki yangu wa tangu utotoni, figo zimefeli nami niko kambini, mbali. Wengi mlisema nimrekodie sauti badala ya kupiga simu. Imesaidia mno. Anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kwa muda wa kama saa 4 kila mara, na akitoka pale hana nguvu hata ya kuongea. Sauti zangu anazisikiliza akiwa kwenye mashine. Pole hazitaki kabisa, anataka habari za kambini: nani kapandishwa cheo, nani anakoroma.

Mlioshauri nimpelekee matunda, asanteni, ila wagonjwa wa figo huwekewa kiwango cha potasiamu, madini yaliyomo kwenye matunda mengi, kwa hiyo dada yake atamuuliza kwanza mtaalamu wa lishe.

Ruhusa ya dharura nimenyimwa, kwa kuwa rafiki hahesabiwi kama ndugu. Hilo limeniuma sana, maana huyu ni ndugu yangu. Mkuu wangu alinisikiliza hata hivyo, akaisogeza mbele likizo yangu ya kawaida. Naondoka mwezi ujao.

Na nimemwambia nampenda. Akajibu, “Najua, ndugu yangu. We njoo tu.”