Kutoka mashine ya kukereza mbao ya inchi 12 kwenda kubwa zaidi kwa mabakuli: niangalie nini kabla ya kulipa?

mkereza_kizota
Wakuu, habari za kazi. Mashine niliyonayo ni ya mezani, inchi 12 (kipenyo kikubwa zaidi cha kipande kinachoingia), mota nusu hp (nguvu farasi), mwendo wa chini kabisa mizunguko 750 kwa dakika. Mbao ni mninga na mwarobaini, na sasa mabakuli yanayotakiwa ni ya sentimita 35. Zimepatikana mbili:

A: imetumika, inchi 16, mota ya fezi moja hp 1.5, puli tano, mwendo wa chini 450.
B: mpya, inchi 18, hp 2 fezi tatu na VFD yake (kifaa cha umeme cha kubadili kasi ya mota), puli mbili, inaanzia 60. Bei ni karibu mara mbili ya A.

Karakana ipo Kizota, Dodoma, umeme ni fezi moja. Kwa kazi ya mabakuli tu, B inastahili ile bei? Na hiyo fezi tatu itawakaje?

babu_msasa
Fundi, inchi ziache kwanza, tazama mwendo wa chini. Kipande cha mninga cha sentimita 35 kwa unene wa 12 kikiwa kikavu kina kilo 7 na ushee. Kibichi kinazidi hapo. Kabla hakijawa duara kuna upande mzito, na nguvu inayouvuta nje hukua kwa mraba wa kasi. Kwa mizunguko 750 nguvu hiyo ni mara sita na zaidi ya ile ya 300, na ukingo wa kipande unakimbia karibu kilomita 50 kwa saa, mbele ya kifua chako. Ndiyo maana mashine ndogo zinaruka mezani.

Kanuni ya kushika: kipenyo kwa inchi zidisha kwa mizunguko, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Kwa inchi 14 hiyo ni 430 hadi 640, na hapo ni kipande kilichokwisha kuwa duara. Kibichi chenye magamba anzia 200, panda taratibu, mashine ikianza kutikisika rudi chini kidogo. A yenye 450 inafaa kumalizia, kuanzia haifai.

Ukichukua B, kuparura (kuondoa mbao nyingi mwanzoni) fanya kwenye puli ya nguvu, yaani ile ya mwendo wa chini. VFD inapunguza kasi, haiongezi nguvu. Mota ya hp 2 inayozunguka 1,450 ukiishusha hadi 300 kwa VFD peke yake, inayobaki haifiki nusu hp: patasi ikizama kidogo tu, bakuli linasimama. Tena feni ya mota imefungwa kwenye shafti yake, kwa hiyo ikizunguka polepole haipozi. Kwenye puli ya nguvu mota inakimbia kasi mara kadhaa kuliko bakuli, ndipo unapopata nguvu na upepo pamoja.

waya_na_mota
Swali la fezi tatu: VFD ya kuingiza fezi moja 230V inatoa fezi tatu, lakini za 230V zilezile. Soma kibati cha mota. Kikiandika 230/400, funga delta (mpango wa nyaya wa ile volti ndogo), itafanya kazi vizuri. Kikiandika 400/690, iache. Itazunguka lakini kinyonge.

Waya 2.5 mm², breka yake peke yake, isichanganywe na msumeno. Usiweke swichi kati ya VFD na mota. Kuwasha na kuzima kupitie VFD yenyewe, ukikata katikati unaweza kuiua. Muda wa kusimama weka sekunde 4 au 5, kwa sababu ikifunga breki ghafla chaki (kifaa kinachoshika bakuli) inaweza kujifungua na kutoka na bakuli. Na vumbi letu la kiangazi likichanganyika na la msasa huziba feni ya VFD, kwa hiyo iweke kwenye boksi lenye kichujio na uipulize kila wiki.

mkereza_kizota
Asanteni sana wakuu. Je, A ikifungwa mota ya fezi tatu na VFD?

waya_na_mota
Inawezekana, na kwa bei hiyo mimi ningeifikiria kwanza. Mota iwe na shafti ya unene uleule, la sivyo utachongesha puli upya. Puli tano unabaki nazo, hivyo nguvu ya chini ipo.

babu_msasa
Naunga mkono, ila fremu iwe chuma kizito cha kusubu. Kabla hujatoa hela, toa mkanda uzungushe spindo (mhimili unaozungusha bakuli) kwa mkono: ikikwaruza au kukwama kwama, beringi zimekwisha. Ishike kwa mikono miwili uivute juu na chini. Isicheze hata kidogo. Sogeza kichwa cha nyuma hadi ncha mbili za senta, ya mbele na ya nyuma, zikaribie kugusana: zikipishana, muulize muuzaji kulikoni. Pima pia kimo kutoka senta hadi juu ya kishikio cha egemeo la patasi, si hadi kitanda (reli za mashine) tu. Bakuli la 35 linataka sentimita 17.5 na nafasi kidogo, la sivyo kishikio hakipiti chini yake.

Uzi wa spindo usisahau. M33 na inchi 1¼ zinafanana machoni, lakini chaki ya moja haiingii kwenye nyingine. Ya mashine yako ndogo huenda ni inchi 1 kwa nyuzi 8. Chaki nyingi hubadilishwa kipande cha katikati, usinunue nyingine nzima.

Ikifika, iweke spindo usawa wa kiwiko chako na viroba viwili vya mchanga vya kilo 50 kwenye rafu ya chini. Ukifunga nati kwenye sakafu isiyo sawa unakunja kitanda, na zile ncha zitaanza kupishana. Ingiza vipande vya bati chini ya mguu unaoning'inia kwanza, ndipo ukaze.