Niko mwaka wa nne udaktari, naogopa kwenda intani (mazoezi ya kazi baada ya chuo) mtupu. Nifanyeje?

Koti Jeupe
Shikamooni wakuu. Nasoma MD, mwaka wa nne kati ya mitano. Karatasi napasua, sijawahi kula sapu (mtihani wa marudio). Shida ni wodini. Raundi moja tunajaa wanafunzi ishirini kitanda kimoja, mimi wa nyuma naona migongo ya makoti tu. Juzi nesi akaniita kwa mtoto wa miezi 7 anayekohoa: "Dokta, anapumua mara ngapi?" Nikaangalia sekunde 15, nikazidisha kwa nne, nikajibu 40. Akamfunua kifua, akasubiri atulie kwa mama yake, akahesabu dakika nzima. 58. Nilitamani sakafu inimeze. Hela ya kozi za mtandaoni sina. Naombeni ushauri.

Intani Mchovu
Mdogo wangu, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 kwa dakika au zaidi ni kupumua haraka. Kwa 40 yako ungemrudisha nyumbani na nimonia yake. Hutasahau tena, na hiyo ndiyo faida ya aibu.

Pakua ule mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, STG, uusome kila jioni kwa wagonjwa uliowaona mchana. Vitabu vinono vya Ulaya vitakupeleka kwenye CT skani. Wilayani utakuta kipimo cha haraka cha malaria, Hb (kipimo cha wingi wa damu) kama mashine haijaharibika, na mikono yako. Halafu nunua daftari. Andika ulidhani mgonjwa ana nini, kisha baada ya siku tatu rudi kitandani uone kama ulipatia. Majina usiandike. Mimi nilikosea kurasa nzima za mwanzo.

Mzee wa Hoja
Chuo kimewajaza kama daladala ya Mbagala, halafu mtoto ndiye atafute daftari? Ada inakwenda wapi?

Mkunga Mstaafu
Kaka, hoja yako ni ya haki, ila mgonjwa hatasubiri ijibiwe.

Marahaba mwanangu. Nenda leba usiku. Mchana mko ishirini. Saa tisa usiku mtabaki wewe, mkunga na mama anayetokwa damu. Hapo ndipo utaona oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 kwenye msuli inavyotolewa kabla hujamaliza kuvaa glavu. Omba ruhusa kwa msimamizi wa zamu, jitambulishe kwa mama kuwa wewe ni mwanafunzi, na usijifanye unajua.

Koti Jeupe
Mrejesho. Jana nilikwenda. Mkunga akanipa kiti: "Kaa hapa, usiguse kitu mpaka nikwambie." Hadi alfajiri nimejaza patografu (chati ya kufuatilia uchungu) tatu. Mbili kazipitisha. Ya tatu kanirudishia bila neno, kidole kwenye mapigo ya moyo wa mtoto: kila nusu saa, na saa nane na nusu nimeiruka. Nilikuwa nimekwenda kunywa chai. Leo usiku narudi.