Kupaa ghafla kwa Froome: je, kichocho kinatosha kuwa maelezo?

Swali: Ndugu zangu, Chris Froome, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Nairobi, hakuwa akitajwa sana hadi mbio za baiskeli za Vuelta ya Hispania za 2011, alipomaliza sekunde 13 tu nyuma ya mshindi, Juan José Cobo. Yeye alieleza kwamba awali kichocho kilikuwa kimemdhoofisha. Je, hilo linatosha kuondoa shaka ya dawa za kusisimua misuli?

Jibu: Tuliokulia kando ya maziwa hatuoni ajabu, kwani minyoo ya kichocho hukaa ndani ya mishipa ya damu na huweza kuleta upungufu wa damu, na mwenye upungufu huo hawezi kushindana milimani. Hata hivyo, maelezo yanayowezekana si ushahidi.

Jibu: Aliyeanguka ni Cobo, ambaye mwaka 2019 alivuliwa taji kutokana na kasoro katika pasipoti yake ya kibayolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu inayolinganishwa kwa miaka. Froome ndiye akatangazwa mshindi.

Jibu: Ni kweli, ndugu, lakini katika Vuelta ya 2017 mkojo wa Froome ulikutwa na salbutamoli, dawa ya pumu, kupita kiwango kinachoruhusiwa. UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, ilifunga shauri hilo Julai 2018 bila adhabu. Mimi bado sijaridhika.