Cherahani yafanya mafundo chini ya kitambaa na mishono yaruka: naombeni ushauri

BintiKisauni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimeanza kujifunza kushona na cherahani niliyo nayo ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, nimeinunua mtumba. Nia yangu ni kupinda leso kwanza, maana majirani hapa Kisauni wakinunua leso Biashara Street huja nazo jozi nzima haijakatwa, wanatafuta wa kuwapindia kabla ya siku ya harusi. Mkono ukizoea ndipo niingie kwenye madera.

Shida ni hii. Juu mshono waonekana mzuri, lakini nikigeuza leso nakuta uzi umejazana chini, vitanzi vitupu, na mahali pengine umefunga fundo hata kitambaa kinakwama kwenye lile tundu inamopita sindano. Nikiendelea kukanyaga, uzi unakatika. Kwenye kitambaa cha dera, kile chepesi cha kuteleza, mishono yaruka: mitatu yashika, miwili haipo. Kuna fundi nilimpelekea akalegeza ile skrubu ndogo ya kijumba cha bobini, pale unapokaa uzi wa chini, akanirudishia, na hali ni ile ile. Nianzie wapi jamani, kabla sijatoa pesa kwa mwengine?

MpindaLeso_Likoni
Waaleikum salaam dadangu. Uzi ukijazana chini ni bobini imelegea. Kaza hiyo skrubu tu, usisumbuke na mambo mengi.

FundiBondeni
Ndugu yangu wa Likoni, samahani, hapo sikubaliani nawe, na nasema hivi kwa sababu nimeona vijumba vingi vya bobini vikiharibiwa kwa kukazwa na kulegezwa bila sababu.

Binti, mshono wa cherahani ni nyuzi mbili zinazokutana katikati ya kitambaa. Wa chini watoka kwenye bobini. Wa juu wapita kati ya visahani viwili vya chuma vinavyoubana usishuke ovyo. Visipoubana, cherahani huvuta uzi mwingi kuliko inavyohitaji, na ule wa ziada hauna pa kwenda ila chini ya kitambaa. Kwa hivyo vitanzi unavyoviona chini ni vya uzi wa juu. Ugonjwa uko juu.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Chukua kipande cha marekani, tia uzi mwekundu juu na wa buluu kwenye bobini, ushone kidogo kisha ugeuze. Ukiona wekundu umejaa chini, wa juu haukubanwa. Ukiona buluu imechomoza juu, basi wa juu umekazwa mno, au wa chini umelegea.

Ukishajua ni wa juu, usiguse skrubu yoyote kwanza. Utoe uzi wote, uinue kile kiguu kinachobana kitambaa, ndipo uupitishe upya. Kiguu kikiwa juu, visahani huachana na uzi ukaingia ndani kabisa. Kikiwa chini, visahani vimeshikana, na uzi hubaki umepanda ukingoni, haushikwi. Wanaoanza hawaambiwi jambo hili, na mafundo mengi ninayoletewa hapa yatoka hapo. Hakikisha pia umepita kwenye tundu la ule mkono unaopanda na kushuka. Ukikosa pale, mafundo huanza papo hapo.

Kabla ya kuutia kwenye sindano, teremsha kiguu uuvute uzi kwa vidole. Lazima ukatae kidogo. Ukija wenyewe kama vile hakuna kitu, ndani ya visahani pana uchafu. Inua kiguu tena, chukua ukanda mwembamba wa kitambaa safi, upitishe katikati yao uvute huku na huku. Usitumie kisu wala pini, utavikwaruza, na vikikwaruzika vitakata uzi kila siku.

Kuruka kwa mishono ni habari nyingine, hiyo ni sindano. Vua uliyo nayo, nenda nayo dukani wakupe ya aina hiyo hiyo. Za cherahani za nyumbani zina upande bapa kule juu. Za viwandani mara nyingi ni za duara na urefu wake ni tofauti, na ukitia isiyo yake, ndoana ya chini haiukuti uzi. Isukume mpaka igote ndipo ukaze. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja: mfereji huo huangalia upande ambao uzi unaingilia. Kwa leso tumia 90/14. Hiyo 90 ni unene wake, yaani milimita 0.9. Kwa dera linaloteleza shuka mpaka 75/11 au 70/10, na iwe mpya.

MamaWaMadera
Fundi amemaliza, mimi naongeza la miguu. Mwanangu, cherahani ya kukanyaga gurudumu likianza kurudi kinyume, uzi hujisokota hapo hapo. Anza kwa kulizungusha kwa mkono, likija upande wako, ndipo miguu ifuate. Toa uzi kabisa, inua kiguu, ukanyage bure mpaka miguu izoee isirudi nyuma. Na kila unapoanza mshono, zishike ncha zote mbili za uzi kwa nyuma mpaka mishono ya mwanzo ishike.

BintiKisauni
Shukran sana. Nimejaribu wekundu na buluu: chini palikuwa pekundu tupu. Nimepitisha ukanda wa kitambaa kwenye visahani, ukatoka na kipande cha uzi mweusi kilichogandana na vumbi, cha mwenye cherahani wa kwanza bila shaka. Sasa nikivuta, uzi wakataa kama ulivyosema. Leso imepindika pande zote, chini safi, ila vitone vya buluu vimeanza kuonekana juu.

FundiBondeni
Hapo sasa ndipo ile skrubu ndogo ina kazi, kwa sababu ililegezwa. Kishike kijumba cha bobini kining'inie kwa uzi wake. Kitulie, na ukitikisa mkono kishuke kidogo kisimame. Kikiporomoka chenyewe, kaza kwa bisibisi ndogo, chini ya robo mzunguko, ujaribu tena. Kisiposhuka kabisa, umezidisha.

BintiKisauni
Kiliporomoka. Nimekaza kidogo na sasa chashuka kikasimama, vitone vimekwisha. Na kwa sindano ya 75/11 dera halirukwi tena, ila nikianzia ukingoni kitambaa chamezwa na tundu.

MamaWaMadera
Usianzie ukingoni kabisa, ingia ndani kidogo. Kikiendelea kumezwa, weka karatasi nyeupe nyembamba chini ya kitambaa, ushone navyo pamoja, kisha uichane taratibu. Gazeti usitumie, wino utashika kwenye nguo ya watu.

MpindaLeso_Likoni
Nami nimejifunza, fundi, ahsante. Swali langu: hii hewa ya bahari yanimaliza, kila masika naona kutu chini ya lile bamba la chuma inapopita sindano. Nitie mafuta gani? Kuna anayeniambia ya nazi yatosha.

FundiBondeni
Ya nazi hapana, wala ya kupikia. Hugandamana ndani, na baada ya muda gurudumu likawa zito. Nunua mafuta ya cherahani yenyewe, yale mepesi meupe. Fungua bamba, toa vumbi la pamba kwa brashi kavu kwanza, ndipo utie tone moja moja kila panaposuguana chuma na chuma. Zungusha kwa mkono, kisha shona kitambaa kibovu mpaka mafuta yasitoke tena, usije ukachafua leso ya mtu. Ukimaliza kazi uifunike kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani, na hiyo kutu yako huenda yatoka hapo.